Jina Asilolitaja Ervin

Kikombe kilimtetemeka Ervin mkononi, kahawa ikamwagikia suruali yake ya jinzi. Bibi yake aliyemlea, Desbah, akaifuta kwa ncha ya shali. Walitoka nchi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, tangu alfajiri kuja kliniki hii ya askari wastaafu, maana wodi ya waliojeruhiwa akili na vita ilikuwa na kitanda kimoja kitupu.

Siku tatu Ervin hajaonja pombe. Siku tatu, na yule marehemu wa vitani, ambaye yeye tu humwona, amekaa kiti cha pili, ananuka dizeli.

Kyle Haugen, Mzungu aliyekuwa naye gari moja vitani na kunywa naye chupa moja, akatoka wodini alikolazwa, amenenepa.

"Hujaoa tu?" bibi akamtania.

"Nakungoja wewe, bibi."

"Utangoja sana. Sipikii wavivu."

Kyle akamwinamia Ervin. "Mwambie daktari yote, we kichwa ngumu. Gari lilivyoungua. Na jinsi mwenzetu—"

Ervin akamziba mdomo kwa kiganja. "Usimtaje."

Ndani, Ervin na bibi wakaketi; daktari hakuinua macho. "Nani alikufa garini?"

"Rafiki."

"Jina?"

Ervin akageukia mlango. Kwao marehemu hatajwi, ukimtaja, umemwita. Na huyu hata bila kuitwa alikuwa mlangoni.

"Haugen alisimulia kila kitu."

"Basi andika hayo hayo."

"Ya mwenzio siwezi. Unakunywa kiasi gani?"

"Mpaka nisimsikie."

"Baba yako alikunywa?"

"Alikunywa."

Hapo kalamu ikakimbia. "Basi. Ninyi jambo hili mnalo kwenye damu."

"Daktari," bibi akasema taratibu, "nikutegee kitendawili? Wawili wamenyeshewa mvua moja. Mmoja kapewa blanketi. Wa pili kaambiwa kwao huzaliwa wameloa."

"Bibi, kuna watu wanasubiri nje."

Karatasi iliandikwa neno moja: *mlevi*. Darasa la walevi, kila Jumanne, mji huu huu, saa nne za barabara. Kitanda apewe mwingine.

Kwenye pikapu Ervin alijibana mlangoni, akaacha nafasi katikati. Bibi aliiona nafasi ile, hakuuliza ya nani. Akawasha gari. Jasho lilimtiririka mjukuu wake, meno yakagongana, midomo ikajifunga kama inayozuia neno.

Kabla ya mpaka wa nchi yao, ambako pombe ni marufuku, lipo duka la mwisho la chupa. Ervin hakusema simama.

Bibi mwenyewe, akiyasikia meno yale, ndiye aliyepunguza mwendo na kukata kona dukani.