Tano Nukta Moja

Siku aliyotutoka mdogo wangu, vikombe viligongana kidogo kabatini kwangu, vikatulia. Redio ikatangaza tetemeko la ukubwa wa tano nukta moja. La mwaka uliotangulia lilizidi sita, na hakuna kilichoanguka mjini kwetu.

Akanipigia kutoka karakana yake ya makochi, kule bondeni. Alikuwa amesimama barabarani na mafundi wenzake.

"Dada Redio, wamesemaje huko?" Ndivyo alivyozoea kunitania.

"Tano tu. La mwaka jana lilikuwa kubwa zaidi, mbona hukupiga simu?"

"La leo limenibwaga chini. Ukuta wa nyuma umepasuka, mkono unapita."

"Tano haimbwagi mtu mzima. Sema umejikwaa kwa woga."

Akacheka. "Haya, mama wa namba. Na mwenye kochi ameshaanza kununa."

"Basi rudi ndani ukalimalize."

Alirudi kwa sababu nilimwambia. Robo saa baadaye likaja jingine, la nne na nusu. Kwangu hata vikombe sikuvisikia. Kule ukuta ulimwangukia.

Baada ya mazishi, mtaalamu wa matetemeko alipita nyumba kwa nyumba na fomu. Aliniuliza nilihisi nini siku ile. Nikamweleza habari ya vikombe. Akaandika nne. Nikamuuliza, na kule karakana je? Akasema saba.

"Redio ilisema tano."

"Hiyo ni nguvu ya tetemeko lenyewe, mama. Ni moja tu, popote ulipo. Mimi naandika lilivyotikisa kila mahali. La mwaka jana lilitokea mbali. Hili lilikuwa karibu, tena si chini sana ardhini. Wewe umejenga juu ya mwamba. Kule palikuwa bwawa, likafukiwa kwa kifusi. Ardhi laini hucheza kama uji kwenye sufuria."

"Kwa hiyo aliyoniambia yalikuwa kweli."

"Yalikuwa kweli."

Nilingoja aongeze neno, walau la kunidanganya. Akakunja fomu, akaenda nyumba ya pili.

Wifi yangu, mke wa marehemu, aliyajua mazungumzo yale. Simu ilikuwa kwenye spika, na mafundi walisikia kila kitu. Hakunigombeza. Msibani alinipa mkono kama anavyompa mgeni, akageukia watu wengine.

Nampigia kila Ijumaa. Hapokei.