Mtoto wa Mhanga

Mwalimu Justa alipangiwa kazi Tarime akitokea Muleba, na kwa miaka sita hakukuwa na mtoto aliyemshinda. Huyu Jenipha ndiye aliyetaka kumwaibisha. Tangu Januari, baba yake alipomleta kutoka machimbo ya Geita, msichana huyo wa darasa la nne aliandika vizuri lakini mdomo hakufungua. Mwalimu mkuu Revocatus, aliyedai mtoto anakopi tu kwa jirani yake, alichoka. Ikifika Ijumaa hajazungumza mbele ya wenzake, alisema, Jumatatu anarudishwa darasa la pili.

"Atazungumza," Justa alijibu, utadhani Ijumaa ameshaiona.

Jioni hiyo alipanda bodaboda hadi kambi ya wachimbaji. Nestory, baba Jenipha, alikuwa anaponda mawe ya dhahabu, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Wala hakuficha: yeye ndiye aliyemkataza mtoto kusema. Mchimbaji akijulikana alikotoka na anakochimba, alieleza, kesho yake wanafika watu mia na sururu zao. Kambini mtoto hufundishwa kufunga mdomo kabla ya kufundishwa kusoma. Justa alicheka, na hasira zilikuwemo ndani ya kicheko hicho. Basi atunge hadithi, akasema, hadithi haiulizwi ni ya kijiji gani. Nestory alikubali, kwa sharti kwamba naye aje kusikiliza, siri isije ikaponyoka.

Ijumaa alikuja kweli, akasimama dirishani na mabuti yake ya matope. Jenipha akasimama mbele ya ubao. Justa hakumhimiza, alijibana kwenye dawati la mbele, akakunja mikono, akasubiri.

"Kulikuwa na mhanga," Jenipha alianza kwa sauti ndogo, "yule mnyama wa kuchimba mashimo. Alikuwa anahama shimo hadi shimo na mtoto wake. Kila walipofika, mtoto aliuliza majina ya wenzake. Akishayajua yote, baba anasema, fungasha, tunahama. Shimo la kwanza alilia. La pili alilia. La tatu pia, na la nne. Walipofika la tano akasema moyoni, hapa siulizi jina la mtu."

Justa alisikia aibu. Yeye na Nestory, wajuaji wote wawili, walikuwa wamekosea. Mtoto hakunyamaza kwa ajili ya dhahabu ya mtu yeyote. Kule dirishani Nestory aligeukia uwanjani, akajifuta macho kwa kiganja. Mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa, akasema mtoto abaki darasa la nne.

Mvulana aliyekaa na Jenipha dawati moja tangu Januari alisimama bila ruhusa.

"Mimi naitwa Mwikwabe."

"Najua," alisema Jenipha. "Na huyo nyuma yako ni Irine. Yule ni Yona."

Akaendelea hivyo, dawati kwa dawati, na hakumkosa hata mmoja.