Bibi Morag na Zamu ya Koleta

Hakuwa na baba. Hakuwa na koti, na baridi ya Uskoti haina mzaha. Hakuwa na kitanda cha peke yake, hakuwa na choo cha ndani, hakuwa na lafudhi ambayo watu wa London wangeisikiliza bila kucheka. Hayo alitusimulia mwenyewe, Bibi Morag Tulloch, mwigizaji wa televisheni, akiwa sebuleni kwa shemeji yangu Koleta hapa Vudee, nami nikiwa mkalimani kwa Kiingereza nilichokipata katika masomo ya jioni kule Same.

Alianza kwa kuigiza mtumishi wa ndani asiyesema neno. Kisha akapewa nafasi ya nesi katika tamthilia ya kisiwani, akaiigiza miaka mingi hadi watu wa kwao wakawa wanamsimamisha sokoni kumwonyesha vidonda vyao. Alipoanza kuzeeka, waandishi wakamzamisha nesi pamoja na mashua, na mwigizaji akabaki bila kazi. Sasa anazunguka dunia na kamera, akitafuta wanawake waliokosa kama alivyokosa yeye. Koleta, mjane wa mdogo wangu, alimhurumia akamwongezea makande. Mimi nilimheshimu.

Siku ya pili mkubwa wa kamera akataka picha ya maji. Sisi huku tunamwagilia kwa ndiva, bwawa linalokusanya maji ya kijito kutwa kucha, kisha hufunguliwa alfajiri kwa zamu, kaya baada ya kaya. Zamu ya Koleta ilikuwa kesho yake, na maharage yake yalikuwa yanatoa maua. Lakini yule bwana alitaka jua la jioni. Erasmo, mwenyekiti wa ndiva, alipoambiwa kwamba ataonekana Ulaya, akakubali ifunguliwe jioni ile ile.

Koleta akaambiwa avue viatu na kitenge chake kipya, avae nguo ya kulimia, asimame mferejini. Bibi Morag akazibua ndiva kwa mikono yake, akashuka kumkumbatia, akalia. Mara ya kwanza nywele zilimfunika uso, basi akapakwa poda akalia upya. Mara ya tatu nilikuwa karibu, nikaona. Chozi lilitoka jicho la upande wa kamera tu. Lile jingine lilikuwa kavu, linaangalia saa.

Mdomo wa mfereji unaoingia shamba la Koleta ulikuwa umezibwa na masanduku ya mitambo yao. Maji yote yakaishia barabarani, na usiku ule hakuna aliyekumbuka kuiziba ndiva.

Alfajiri Koleta alikwenda na jembe, akakuta ndiva ni tope.

"Mama, zamu yako imeshapita," Erasmo akamwambia mbele ya kamati. "Umepokea maji jana."

"Nimepokea nini, Erasmo? Yale yalikuwa maigizo!"

"Kijiji kizima kimekuona mferejini. Nikikukubalia, kesho kila mtu atasema hakupokea."

"Na wewe ulivyokuwa unachana nywele mbele ya kamera, nayo ilikuwa zamu?"

Watu walicheka, lakini uamuzi haukubadilika. Sisi Wapare kwenye kesi ya maji hatuna utani.

"Labda mzungu mwenyewe aje aseme kwamba yalikuwa maigizo," akasema Erasmo. "Hapo tutampa Koleta zamu nyingine."

Nikapanda bodaboda hadi Same. Nilimkuta Bibi Morag hotelini anakunywa chai.

"Bibi Morag, ni sentensi moja tu. Mwambie Erasmo kwamba yalikuwa maigizo."

Akanishika mkono. "Eliamini, rafiki yangu. Kwenye filamu Koleta amepata maji. Nikisema vingine, filamu inakufa, na mimi sitapewa nyingine."

"Na maharage?"

"Nakuelewa sana. Mimi pia nilikosa."

Akatoa picha yake, akaisaini. "Mpelekee Koleta."

Mtu asiyejua shida ningemsamehe. Huyu alilikumbuka koti alilolikosa utotoni, akalisimulia kwa machozi, kisha akamvua mwenzake kitenge. Nilishindwa kuinywa chai aliyoniagizia. Ilinuka.

Zamu ilipozunguka tena, maua yalikuwa yameshapukutika na mashina yamekauka. Koleta aling'oa moja, akaliangalia.

"Shemeji, wewe una Kiingereza. Mwambie makande aliyokula hapa yalikuwa ya maharage ya mwaka jana. Ya mwaka huu hakuna."

Nikaandika hivyo hivyo, kwa Kiingereza safi, bila kuongeza salamu. Kwenye bahasha nikatia ile picha yenye saini, na lile shina kavu. Chini ya barua nikaandika: "Bibi Morag, vyote viwili ni vyako."

Pale posta Same, karani aliipapasa bahasha.

"Shikamoo mzee. Mbona inakwaruza? Kuna nini ndani?"

"Marahaba. Mna maharage."

"Yanakwenda Ulaya? Huko hawana?"

"Haya hawajayaona."

Nikapaka gundi, nikaikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika, nikahakikisha anwani ni ile iliyokuwa kwenye kadi aliyotuachia Bibi Morag. Karani akagonga muhuri, akaitupa kwenye mfuko wa barua za nje.