Titi la Kushoto

Vyungu vya Perpetua havikupata wanunuzi tena. Tangu biashara iachiwe huru, maduka ya Magomeni, pale Kilosa, yalijaa ndoo za plastiki na sufuria, naye akageukia kufinyanga sanamu za wanawake, ambazo Mwinshehe aliwauzia watalii dukani kwake Mikumi.

Mwaka huo mama yake, Natalia, alishuka kutoka Lumuma, akiwa amekatwa titi la kushoto hospitalini. Kila asubuhi Perpetua alimwogesha huku akijitahidi asilitazame kovu. Siku moja mama akamwomba amfinyange kabla hajaisha. Perpetua akamfinyanga na matiti mawili.

Natalia aliipokea sanamu ikiwa bado mbichi, akaipapasa kifuani, akamrudishia.

"Hili limeshazikwa, mwanangu. Liondoe."

"Mama, siwezi."

"Wewe ndiye uliyelinyonya mpaka ukaota meno. Liondoe wewe."

Perpetua akalikata kwa uzi. Alipokuwa akilainisha pale mahali kwa kidole chenye maji, machozi yalimtiririka, na mama yake, kifua wazi, akawa anamwonyesha kovu linapoanzia na linapoishia.

Sanamu ilitoka motoni bila ufa. Natalia mwenyewe ndiye aliyetaka ipelekwe Mikumi. Alisema watu wamwone alivyo.

Masika yalipoanza, akafariki. Baada ya matanga Perpetua alikwenda kuifuata ile sanamu. Mwinshehe alimpa pole, akamwambia ilinunuliwa na mgeni mmoja, mama wa makamo, aliyeikumbatia muda mrefu. Alisema hakumwuliza jina.

Perpetua akarudi Kilosa, akaanza kufinyanga nyingine. Alikuwa hajafika kifuani alipoingia binti yake Yudith na kichanga chake. Yudith alimwamkia, akakaa, akasema taratibu kwamba kuna kitu kigumu kimemwota titini tangu wiki iliyopita. Alidhani ni maziwa yameganda.

"Upande gani?"

Yudith akamsogelea. Aliuchukua mkono wa mama yake, wenye udongo vilevile, akauweka mahali penyewe.

Perpetua alipapasa. Hakuuondoa mkono upesi. Kisha akamwambia binti yake ambebe mtoto, waende hospitali sasa hivi.

Wakapanda basi. Mtoto alipolia kwa njaa, Yudith alisita, akamtazama mama yake, kisha akamnyonyesha titi la pili.