Upepo wa Tairi la Nje

Mwanaume anayechuchumaa nyuma ya gari la watu alfajiri, wenzake wote wako msikitini, huyo ana jambo lake. Ndivyo nilivyojiambia, na nikawasha kamera.

Nilikuwa dirishani kwangu. Pazia nimelisogeza kidogo tu, simu nimeiegemeza kwenye nondo za dirisha isitikisike. Nje ndo kwanza kunapambazuka. Gari-nyumba la baba liko palepale uani linapoegeshwa, na nyuma yake, upande wa kulia, namwona shemeji yangu Shilinde mgongo tu. Kitu kikavuma, kikavuma weee, kikanyamaza. Halafu nikasikia kwa masikio yangu haya: tsssss.

Upepo! Anatoa upepo!

Baba yangu, Mzee Mabruki, anauza vipuri vya baiskeli hapa Gongoni tangu sijazaliwa. Mwaka jana akanunua Coaster iliyochoka, akaipeleka kwa mafundi, wakang'oa viti, wakaweka vitanda, jiko la gesi, sinki na mapazia. Watoto wa mtaani wanaliita Konokono. Wazo la baba ni kwamba kuna watu wanapenda kupita ile njia ya zamani ya misafara, Tabora, Urambo, Kaliua, Uvinza mpaka Ujiji, wakipika na kulala humohumo ndani. Na wageni wa kwanza walishapatikana, daktari mmoja wa Dar na mkewe. Safari Jumamosi asubuhi. Kilichobaki ni kujua nani anashika usukani.

Dada yangu Najiat alitaka ashike mumewe. Shilinde ni wa Igunga, kwao wana mpunga na ng'ombe, na ameendesha malori ya pamba miaka na miaka. Alisilimu, akaoa, wakapanga chumba mtaa wa pili kutoka kwetu. Sasa hivi hana kazi. Dada alishaniambia waziwazi, "Baba akimnyima hili gari, sisi tunahamia Igunga. Siwezi kumwona mume wangu anakaa mjini kama furushi."

Baba hakukataa wala hakukubali. Alisema, "Wiki hii gari alitunze yeye. Nikiona mtu anatunza, nitajua."

Sasa kwenye kutunza, matairi ndo yakaleta maneno. Nyuma ya Coaster kila upande kuna matairi mawili yamebanana, moja la nje unaliona, jingine la ndani limejificha nyuma yake. Kila alasiri alikuja Abdulatifu, mtoto wa shangazi, dereva wa basi ambaye kwa sasa hana basi, na geji yake ya kupimia upepo kwenye mfuko wa shati kama kalamu ya mwalimu. Baba ndo alimwomba awe anapita kuangalia. Jumatatu akapima upande wa kulia, akasimama, akajifuta mikono kwa mbwembwe.

"Mjomba, njoo uone mwenyewe. La ndani sabini na tano. La nje hamsini."

"Ndo nini hiyo?" baba akauliza.

"Ndo jeneza, mjomba. La nje likilegea, la ndani linabeba nyumba nzima peke yake, na vitanda vyake na mitungi yake. Linapata moto, linapasuka. Likishapasuka, lile legevu nalo halichukui muda. Mwambie huyo mkweo, lori la pamba na nyumba ya watu ni vitu viwili."

Shilinde alikuwa palepale, ameinamisha kichwa. Akasema taratibu, "Asubuhi nimepima, yote yalikuwa sabini na tano."

"Sasa ishirini na tano imekwenda wapi? Imekwenda Igunga kusalimia?"

Watu wakacheka. Mi mwenyewe nilicheka. Jumanne ikawa hivyohivyo. Asubuhi shemeji anasema iko sawa, alasiri Abdulatifu anapima, hamsini na mbili. Upande wa kulia tu, tairi la nje tu. Jumatano hamsini kasoro. Tukalipaka maji ya sabuni tairi zima, halikutoa povu hata moja. Tairi zima, valvu nzima, na upepo hakuna.

Basi nikaanza kumtazama vizuri huyu shemeji. Na ukishaanza kumtazama mtu, kila anachofanya kinanuka. Kwanza haangalii watu usoni. Baba akikaa barazani, Shilinde anazunguka kwa uchochoro, anaingia kwa mlango wa nyuma kama mtu anayedaiwa. Chakula hali na baba. Simu yake ikilia anaenda kuongelea pembeni, anashusha sauti, Kisukuma kitupu. Jumatano hiyo nikamvizia kwenye uchochoro wake.

"Shemeji, ng'wangaluka," nikamtupia salamu yao ya asubuhi.

Akacheka. "Saa tisa hii mchana? Wewe utafukuzwa Igunga."

"Niambie ukweli. Hili gari hulitaki, eh? Unataka baba akunyime ili umchukue dada umpeleke akavune mpunga."

"Dada yako avune mpunga? Siku moja tu mpunga wenyewe utaomba talaka."

"Usinicheleweshe na utani. Upepo unakwenda wapi?"

Akaacha kucheka. Akatazama kule barazani, akatazama chini. "Jua, shemeji. Jua la Oktoba kali sana hapa Tabora." Akaondoka.

Jua! Jua linanyonya upepo wa tairi? Tairi moja? Hapo nikajua kabisa ananidanganya. Ndo maana Alhamisi alfajiri nilikuwa dirishani na simu.

Jioni ile Abdulatifu alipima tena, hamsini. Baba akakaa kwenye kiti chake, akavua kofia, akaiweka gotini. Akivua kofia ujue kuna hukumu. Najiat alikuwepo, kajitanda kanga, anamtazama mumewe aliyesimama mbali karibu na geti.

"Watoto wa watu watalala humo ndani," baba akasema. "Mimi siwezi kuwapeleka msituni na gari ambalo kila siku..."

"Baba, ngoja," nikadakia. "Mi ninayo."

Nikaweka simu juu ya stuli, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Wote wakainama. Mgongo wa Shilinde. Mvumo. Kimya. Tsssss.

Abdulatifu akapiga kofi pajani. "Haya! Mimi nilisema nini? Si uzembe huu, mjomba. Ni makusudi!"

Najiat akanigeukia, machozi yamemjaa. "Umemrekodi mume wangu? Kama mwizi?"

"Sasa alikuwa anafanya nini pale, dada? Muulize yeye!"

Akamuuliza. Mbele ya watu wote akamuuliza, "Mume wangu..." akashindwa hata kumalizia, akamwita jina. "Shilinde. Sema."

Shilinde akafungua mdomo, akamtazama baba mara moja tu, haraka, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Akaufunga.

"Sina la kusema," akasema. "Baba ndiye mwenye gari."

Baba akavaa kofia. "Abdulatifu, utaendesha wewe."

Najiat aliondoka bila kuniaga. Usiku nikampigia, hakupokea. Nikatuma ujumbe, akausoma tu. Nikajiambia atanishukuru. Nikakaa kuirudia ile video, niikate nibakize kipande chenye sauti tu, niwe nayo.

Nikairudia mara ya kwanza, mgongo. Mara ya pili nikaivuta picha iwe kubwa, nikatazama tairi badala ya mtu. Mwanzo wa video, tairi la nje limelala chini, tumbo limetoka pembeni kama gunia la mahindi. Mwisho wa video, limesimama. Tumbo hakuna.

Nikarudi mwanzo. Nikaenda mwisho. Nikarudi mwanzo tena.

Mtu anayetoa upepo, tairi linalala. Hili lilikuwa linaamka! Ule mvumo ni pampu ndogo ya umeme, ile ya kuchomeka kwenye gari. Na ile tsssss ni mpira wa pampu ukichomolewa kwenye valvu, basi. Shemeji alikuwa anajaza.

Sasa kama yeye anajaza alfajiri na alasiri tunakuta hamsini, hapo katikati kuna mkono wa mtu. Na ni nani aliyepewa gari jioni ile? Ni nani anatembea na geji mfukoni? Yaani nilimwona Abdulatifu kichwani mwangu, kacheka na yale meno yake, nikatamani kuche.

Ijumaa baada ya swala ya mchana, watu wamekula wamelala, nikajiingiza ndani ya Konokono. Nikalala kifudifudi kwenye kitanda cha nyuma, juu kabisa ya yale matairi, simu mkononi, pazia limeachia uwazi wa kidole. Upande ule wa kulia unatazama magharibi, jua likishainama kidogo linaugonga wote. Bati la gari linaunguza, jasho linanichuruzika mpaka kioo cha simu kikawa hakisikii kidole. Nikangoja. Nikapitiwa na usingizi kidogo, nikashtuka. Ndala zinakuja. Shwaa, shwaa, shwaa.

Nikabonyeza kurekodi. Njoo, Abdulatifu. Njoo, baba.

Kikapita kivuli, kikachuchumaa. Tsssss. Ndefu, ya taratibu, inakatwa, inaachiwa tena. Nikasogeza jicho kwenye uwazi.

Kofia. Ile kofia iliyofumwa na marehemu bibi.

Alikuwa baba.

Kijiti cha kiberiti kidoleni, anabonyeza kisindano cha valvu, sikio ameliinamisha. Pembeni yake kuna ndoo na magunia mawili yanayochuruzika maji. Anaongea na tairi kwa sauti ya chini, ile anayoongea na mtoto mwenye homa. "Pumua. Pumua kidogo, jua kali. Haya, inatosha." Akafunga kifuniko, akalipapasa, akalivika gunia bichi. Tairi la ndani wala hakulitazama. Lile lina kivuli.

Nikazima simu. Nikatoka mlangoni pole pole, nimelowa kama nimetumbukia kisimani.

"Baba."

Akashtuka mpaka ndoo ikapinduka. "We mtoto! Unatafuta nini humo?"

"Unatoa upepo, baba."

"Nani katoa? Nimepunguza tu."

"Kila siku?"

"Sasa niliache lipasuke?" Akasimama, magoti yakalia. "Wewe umeona baiskeli ngapi zimepasuka juani mbele ya duka langu? Mtu anaegesha saa sita, saa nane bomu, tyubu vipande. Kila mwenye baiskeli Tabora hii anajua, jua likiwa kali unampunguzia mnyama wako pumzi. Hili kubwa lina upepo mara ngapi ya baiskeli? Na alfajiri kukiwa na baridi linajirudi lenyewe, nimeshaliona. Kila nikitoka msikitini nalikuta limejaa."

"Halijirudi, baba. Anakuja Shilinde na pampu. Ile video niliyowaonyesha, alikuwa anajaza. Wewe unapunguza mchana, Abdulatifu anapima alasiri, yeye anajaza alfajiri."

 Akatazama kijiti kilichobaki mkononi.

"Anajua ni mimi?"

"Nadhani anajua."

"Kwa nini hakusema? Jana nimemhukumu mbele ya mkewe, kasimama pale kama nguzo. Kwa nini hakusema?"

Nikamtazama. Na palepale, wallahi, ndo nikaelewa ule uchochoro, na kichwa chini, na chakula anachokula peke yake. Kumbe haibi kitu. Anamheshimu baba kama kwao wanavyomheshimu mkwe, na kwao mkwe humwambii umekosea, hata gari likiwa linaanguka.

"Angesemaje, baba? Wewe mkwewe."

Baba akaigeuza ile ndoo iliyopinduka, akaikalia. Akakaa pale juani muda mrefu, hata nilipomwambia aingie kivulini hakuinuka. Mi nikapiga mbio mtaa wa pili.

Najiat alikuwa anafunga nguo kwenye begi. Hakuniangalia. Shilinde alikuwa kizingitini anakunja kamba.

"Ulijua!" nikamwambia, pumzi sina.

"Tangu Jumatatu," akasema. "Nilimwona kutoka uchochoroni, yeye na ndoo yake."

"Na ungekubali dada aondoke hivi?"

"Shemeji, mimi nimuumbue baba yenu uani kwake? Halafu nikae wapi?" Akaendelea kukunja kamba. "Nilisema nitajaza mpaka Jumamosi. Tukishaondoka na wageni, juani nitakuwa nalo mimi, si yeye."

Nikawaambia baba anawaita. Hakuwa ameita, nilidanganya. Lakini tulipofika, tukamkuta amesimama, kofia kichwani, na Abdulatifu kashafika, geji iko mkononi.

"Hamsini na moja!" Abdulatifu akatangaza. "Mjomba, huyu mtu hata baada ya jana..."

"Weka hiyo geji mfukoni," baba akasema. "Nimepunguza mimi."

"Wewe? Leo?"

"Leo, na jana, na juzi. Na sitaki nikusikie ukicheka njia nzima mpaka kwenu."

Abdulatifu hakucheka. Alitazama tairi, akamtazama mjomba wake, akaaga kwa adabu zote. Lakini namjua, habari ilishafika kwao kabla yake.

Baba hakumgeukia Shilinde aliyesimama karibu na geti. Akanigeukia mimi, akiongea kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani.

"Shamila. Mwambie mume wa dada yako aweke upepo anaoujua yeye. Kesho anaondoka na wageni saa kumi na mbili."

"Kasikia, baba, si yupo hapo."

"Nimesema umwambie."

Nikageuka. "Shemeji, baba anasema uweke upepo unaoujua wewe. Unaondoka na wageni saa kumi na mbili."

Shilinde alikuwa anatazama chini, ila Najiat kando yake alikuwa ameshika ule mkono wa shati lake kwa nguvu mpaka umejikunja.

"Shemeji," Shilinde akasema, "mwambie baba tukisimama Kaliua mchana nitatafuta kivuli kwanza, ndo wageni wapate chakula."

Nikageuka tena. Baba alikuwa keshaanza kutembea kuelekea barazani.

"Baba, anasema..."

"Mwambie nimesikia."