Kigoda cha Ngosha na Chai ya Kichina

Watu wanatusema sisi Wahaya kwamba tunajisifu hata tukiwa usingizini. Basi leo niacheni nijisifu nikiwa macho. Mimi naitwa Prudencia, mwalimu mstaafu, nimezaliwa Kagera na kuolewa Mwanza. Yule binti aliyeujaza ukumbi pale Nyamagana mpaka watu wakakaa madirishani ni wangu, nimemzaa mwenyewe, na asiyeamini amtazame pua.

Mambo yote yalianza na katuni. Inaitwa Walinzi wa Mito Mitatu, hadithi ndefu ya nchi ya kubuni ambako mito inasema na watu wanasafiri kwa vishada vikubwa. Binti yangu Paskazia alianza kuitazama akiwa sekondari, na kukaa naye ilikuwa kazi, maana kila dakika anaisimamisha atoe somo. Vazi hili wamelichukua Korea, mama. Mapigano haya ni ya China, angalia miguu. Hawa watawa wa milimani ni wa Tibeti. Nami nilipoona mle ndani wajukuu wanawawekea mababu chakula, nikamwambia hilo si la kwenda kutafuta Asia, aende tu kwa bibi yake upande wa baba.

Baadaye wenye fedha zao wakaigeuza sinema ya watu halisi. Paskazia aliisubiri mwaka mzima, akaitazama mara moja, akazima simu kwa hasira. Mavazi yalikuwa mazuri, hilo alikubali, lakini watu walikuwa wanainama kusalimiana kama wanaotafuta shilingi iliyoanguka. Kibaya zaidi, onyesho la chai walilikata. Katika katuni, binti yatima anapiga magoti mbele ya mzee wa mto na kumpa kikombe cha chai kwa mikono miwili. Mzee hasemi neno. Akinywa, amempokea awe mwanafunzi wake. Akikiacha kikombe, binti anarudi alikotoka. Kwenye sinema wakaweka mapanga mahali pake.

Ndipo mwanangu akasema ataitengeneza mwenyewe, jukwaani, kwa Kiswahili. Alikuwa anasomea ualimu Butimba, akakusanya wenzake, akamwendea Mwalimu Mei, mwanamke wa Kichina anayefundisha lugha yao hapa mjini. Mei alimwambia desturi ile ni ya kweli kabisa kwao, akamfundisha namna ya kushika kikombe, namna ya kushusha macho, mpaka magoti ya mtoto yakaota sugu. Paskazia ndiye angecheza yatima. Kijana mmoja mrefu, Nathaniel, angekuwa mzee wa mto.

Nyumbani sasa. Mume wangu Ngosha ni Msukuma, manju anayeongoza ngoma ya majembe, na jina lake linajulikana kutoka Magu hadi Misungwi. Paskazia alirusha jembe hewani na kulidaka kabla hajajua kusoma. Kumwona ameacha ngoma ya babu zake, anashinda na vikombe vya Kichina, kulimchoma baba yake pabaya. Mwanzo alitania, akasema nshomile, yaani Mhaya anayejiona msomi, amemharibia mtoto, nshomile mwenyewe nikiwa mimi. Kisha utani ukaisha. Siku moja mezani alimwambia, kwa sauti ya chini kabisa, "Siku utakapopiga magoti kwa Kichina mbele za watu, siku hiyo usiniite baba."

Ngosha akisema kitu kwa sauti ya chini, ujue amekusudia. Paskazia aliendelea na mazoezi, ila tangu siku ile alikuwa akimsalimia shikamoo tu, neno baba halifuati. Nilikasirika na wote wawili. Mtoto alimtaka baba yake awepo kuliko alivyotaka kitu kingine chochote, na hakuna hata mmoja ambaye angetamka hivyo.

Siku ya kuonyesha mchezo pale Nyamagana ilipofika, Paskazia aliazima kigoda cha baba yake, kile cha mti mweusi anachokalia akiongoza ngoma, ili mzee wa mto akikalie. Tuseme aliazima, maana aliniomba mimi na mimi nikampa. Ngosha alipokikosa alivaa kofia yake, akanifuata ukumbini. Alisema wazi kwamba amekuja kulinda kigoda chake, si kutazama upuuzi. Akasimama nyuma karibu na mlango, mikono kifuani.

Sasa sikilizeni balaa. Nathaniel alikuwa amevuka ziwa kwenda kuzika Sengerema. Wakati wa kurudi ziwa lilichafuka kwa upepo, kivuko hakikuondoka Kamanga, na kijana akapiga simu akiwa huko ng'ambo, sauti imejaa machozi. Watu wameshakaa. Ngoma zimeshawambwa. Paskazia akanitazama kutoka pembeni mwa jukwaa, uso umekauka.

Sikufikiri mara mbili. Nilikwenda mlangoni, nikamwambia mume wangu kwamba kigoda chake kitakaliwa na mtu yeyote atakayeokotwa humu ndani, labda yule muuza karanga, au akakikalie mwenyewe. Aliuliza mzee yule anasema nini. Nikamwambia hasemi kitu, anapewa kikombe, akitaka anakunywa, asipotaka anakiacha. Ngosha akavua kofia, akaenda nyuma ya jukwaa.

Onyesho la chai likaja. Ngosha amekaa kwenye kigoda chake amevalishwa joho la buluu, na naapa, hata mwenye katuni angemwona angemchora upya. Paskazia akatoka na sinia. Hakujua nani amekaa pale, maana nilichomwambia ni kwamba mtu amepatikana. Alipoinua macho, hatua yake ilikatika kidogo. Kisha akapiga magoti, akamimina, akashusha macho, akanyoosha kikombe kwa mikono miwili, vilevile alivyofundishwa.

Ngosha alikipokea. Akakishika. Hakunywa.

Alikuwa anamtazama mtoto, anangoja, na kikombe kiko hewani katikati yao. Nyuma yangu mtu akanong'ona kwamba mzee amekataa. Mwalimu Mei, aliyekaa ubavuni mwangu, alinishika mkono akauliza kama hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Nikadhani amemkana mtoto mbele za watu kama alivyoapa.

Kisha nikautazama mkono wa Ngosha. Ulikuwa unakisogeza kikombe kuelekea kwa Paskazia, kidogo sana, na kungoja tena. Nikakumbuka siku ya mahari yangu, kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kimeletwa mbele ya wazee wa Kisukuma, na hakuna aliyegusa mpaka shangazi yangu Celestina alipoonja kwanza. Sisi na wao tulielewana kwa hilo tu siku ile. Mtu mzima hanywi kinywaji cha heshima ambacho mwenye kumpa hajakionja. Mwenye kumpa akionja, anaapa kwamba hakuna sumu, wala kinyongo.

Ngosha hakuwa amekataa. Alikuwa anamngoja binti yake aonje.

Lakini Mei alikuwa amemfundisha kwamba mwanafunzi hagusi kikombe cha mwalimu kwa midomo yake. Nilitaka kupaza sauti, nikajiziba mdomo kwa kitenge. Mtoto huyu nimemlea, nikajiambia, kama hajui basi aibu ni yangu.

Paskazia aliinua macho akamtazama baba yake. Akaelewa, nikaona mabega yake yakishuka. Alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa funda moja polepole, watu wote wakiona, akakirudisha.

Ngosha akanywa mpaka tone la mwisho. Chai kavu, isiyo na sukari, mtu ambaye nyumbani anatia vijiko vinne. Akakigeuza kikombe juu chini kuonyesha kwamba kimekwisha. Na pale ambapo mzee wa mto hatakiwi kusema neno, alisema, kwa ile sauti yake ya chini.

"Niite baba."

"Baba," akasema Paskazia, na maneno mengine ya mchezo yakampotea yote.

Ukumbi uliinuka, vigelegele vikapigwa mpaka vioo vikalia. Mei alikuwa analia na kuuliza kwa nini binti amekunywa, nami nikamweleza, na machozi yangu yanadondokea kitenge. Alifikiri, akasema, "Kwetu chai hiyo inasema nipokee. Nyinyi mmeijibu." Nikamwambia ndiyo, na anayeshangaa hajawahi kuoa Kagera.

Tangu hapo wameucheza mchezo Magu, Geita na Bukoba kwetu, na kila mahali yatima huonja kwanza. Nathaniel alikuja mazoezini wiki iliyofuata, akasalimia kwa adabu, akauliza kama anaweza kurudi kwenye nafasi yake. Ngosha alikuwa ameshakaa, joho mwilini, kikombe mkononi.

"Kigoda kina mwenyewe, kijana," akamwambia. "Na yule pale ni mwanangu."