Karata za Boksi la Hamira

Mimi elimu yangu niliiokota njiani. Darasa la kwanza nililisoma mji mmoja, la tatu mji mwingine, na la pili mpaka leo hatujakutana. Kwa hiyo mpwa wangu aliponiambia, "Mjomba, mume wangu ana mtihani na hakuna kinachokaa kichwani," nilimwambia amempata mtu wake.

Huyo mume wake, mkwe wangu, ni dereva wa gari la mikate. Anaendesha vizuri, mikate inafika bila kubonyea. Lakini kiwanda kilipata meneja mpya, na meneja mpya hatulii mpaka abuni jambo. La huyu lilikuwa hili: kila dereva aulizwe alama za barabarani, zote, papo kwa papo. Atakayekosa hata moja anaacha funguo mezani na kuhamia chumba cha tanuri.

Kwa mtu mwingine tanuri ni kazi tu. Tatizo ni kwamba msimamizi wa tanuri ni mdogo wangu wa kike, mama yake mpwa wangu, ndiyo kusema mama mkwe wa huyo dereva. Tangu aoe, mkwe wangu hajawahi kumtazama mama mkwe wake usoni. Akiongea naye, anaongea na viatu. Sasa aamke kila asubuhi akafokewe kwamba unga haujachekechwa?

"Mjomba, bora nihame mji," aliniambia.

"Kuhama nakujua mimi, kunachosha. Kaa tucheze karata."

Nikachana maboksi ya hamira, mpwa wangu akachora alama moja kwenye kila kipande, maana mkono wake umetulia. Sheria nilizitunga mwenyewe: karata inafunuliwa katikati ya meza, wa kwanza kuitaja anaichukua, na mwenye chache anaosha vyombo. Tulikuwa tunacheza mchana, mkwe akisharudi kutoka kazini, palepale tulipolia chakula, hata sahani hazijatolewa.

Mwanzoni mkwe aliosha vyombo mpaka vidole vikakunjamana. Halafu mambo yakageuka. Karata haijagusa meza, yeye ameshasema. "Barabara inateleza!" "Matuta mbele!" "Usipige honi!" Sufuria zikahamia kwangu, nami nikazisugua kwa furaha. Nilikwenda kwa kinyozi, na huku ananinyoa nikamweleza kwamba walimu wote wangepumzishwa, nikabaki mimi.

Ikabaki siku moja tu kabla ya mtihani. Mchana huo mpwa wangu alizitazama zile karata akakunja pua. "Hizi zimekuwa matambara. Nimechora mpya."

Akafunua ya kwanza. Mkwe akaitazama. Akaigeuza nyuma. Akainusa.

"Hii sijawahi kuiona."

"Mume wangu, si barabara inateleza hiyo! Jana ulinipokonya mkononi!"

"Ya jana ilikuwa na doa la mchuzi."

Nikazisogeza sahani pembeni. "Na ya matuta?"

"Imeng'oka pembe. Usipige honi ina duara la kikombe cha chai. Ile ya reli ina mafuta, ukiiinua kwenye mwanga unaona upande wa pili."

"Kwa hiyo umehifadhi madoa!"

"Mjomba, si ulisema nishinde?"

Wakati huo mdogo wangu alikuwa ameshafika. Alisimama mlangoni, mikono kifuani, unga mpaka kwenye nyusi. Mkwe akarukia kutazama viatu vyake.

"Nimewasikia tangu nje," mdogo wangu alisema. "Kaka, nilijua tu, ukishika jambo wewe! Sasa nisikilizeni. Huyu simtaki kwenye tanuri langu. Wale vijana wangu nawapigia kelele mpaka bati linatikisika. Mkwe je? Nimwambie, 'Samahani, baba, ukipata nafasi, mikate inaungua'?"

Alikuwa ameujaza mlango wote, hata nzi asingepata pa kupenya. Nikamtazama, nikaitazama karata ya hairuhusiwi kuingia, nikamtazama tena.

"Mdogo wangu, usisogee. Baki hivyohivyo."

Meza tukaiacha. Mkwe nikampa sinia liwe usukani, azunguke nyumba. Kila anapokuta kitu anaonyeshwa karata yake, mpya, na anaitaja kwa sauti. Akikosea anarudi kinyumenyume mpaka alikoanzia. Mama mkwe mlangoni ndiye hairuhusiwi kuingia. Kabati la ukumbini likawa barabara inakuwa nyembamba. Mpwa wangu alikuwa akija na ndoo mbili, huyo ni wa kupishwa. Mimi nilijitolea kulala kwenye kochi niwe usipige honi, na sikudanganya, usingizi ulinipitia kweli. Nilizinduliwa na kishindo. Walikuwa wamemwaga maji ya sabuni jikoni, na mkwe alikuwa chali, sinia kifuani.

"Barabara inateleza!" alipiga kelele kutoka sakafuni.

"Hiyo haitoki tena kichwani," mkewe alisema.

Kazi ilikuwa ni pale mlangoni. Kila akifika anainamisha kichwa.

"Inua uso, baba!" mama mkwe alimkemea. "Umeona wapi alama imechorwa kwenye viatu?"

Akainua. Jasho lilimtoka kuliko alipoanguka.

Ikabaki karata moja, duara jeupe lenye mstari mweusi wa mshazari. Mdogo wangu aliishika kwa ncha za vidole. "Hii nini?"

"Mwisho wa makatazo yote, mama," mpwa wangu alijibu.

"Makatazo yote yameisha? Kasema nani?"

"Serikali, mama."

"Serikali haiishi na sisi. Weka pembeni."

Hatukuicheza.

Kesho yake nilikwenda kiwandani. Mlango wa ofisi ya meneja ulikuwa wazi, nami na mdogo wangu tukasimama nje yake, yeye na aproni yake. Meneja alifungua kitabu kipya, safi, hakina doa hata la dawa. Picha ya kwanza tu, mkwe akarudi hatua nyuma.

"Samahani, mama."

"Mama nani?"

"Hairuhusiwi kuingia, mzee."

Wakaendelea. Kwenye kuteleza alijishika kiuno. Usipige honi aliisema kwa kunong'ona, ikabidi meneja aiulize tena. Mdogo wangu alinifinya mkono kila jibu, mpaka ikafunguliwa picha ya mwisho: duara jeupe, mstari mweusi.

Mkwe akatazama dari. Akatazama meza, pale zilipokuwa funguo za gari. Meneja akaanza kugongagonga kalamu. Pembeni yangu mdogo wangu alijisemea, "Ni mimi. Ni mimi niliyeiondoa," akasogea mlangoni bila kujua, mikono kifuani.

Mkwe akageuka, akamwona. Macho yakamtoka.

"Hii ndiyo aliyoikataa mama!"

"Mama gani tena?" meneja akauliza.

"Mwisho wa makatazo yote, mzee!"

Meneja akafunga kitabu, akazisukuma funguo upande wa pili wa meza. Mkwe wangu akatoka nazo zikilia mkononi, akaja moja kwa moja mpaka mbele ya mama mkwe wake, akamtazama usoni, meno yote nje.

Mdogo wangu akazitazama funguo. Akamtazama yeye.

"Hongera, baba," akasema. "Sasa rudi kwenye viatu."